PAA NI SHAMBA LA MAJI: Somo la Kukinga Mvua Shuleni kwa Gharama Nafuu

Wengi wetu huliletea jarida hili mashairi, vitendawili na hadithi. Mimi leo nimebeba mzigo mwingine: utepe wa kupimia, kalamu na gata. Msinune. Lugha ambayo haiwezi kumweleza mtu namna ya kujenga tangi itabaki lugha ya kuimbia tu, na Kiswahili chetu si cha kuimbia tu.

Hebu tuanze na shida yenyewe. Huko Ukambani, yaani Machakos, Kitui na Makueni, si ajabu kumwona mtoto akienda shule na mkoba mgongoni na kijimtungi cha lita tano mkononi. Maji hayo ndiyo ya kupikia uji, ya kunawa mikono na ya kunyunyizia sakafu ya vumbi. Yamechotwa kwenye shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto mkavu. Aliyekwenda kuyachota alfajiri ni huyu huyu mtoto, na mara nyingi ni msichana. Somo la kwanza linampita, na la pili anasinzia.

Sasa tazameni maajabu. Kuanzia Oktoba 2020 hadi Desemba 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa mibaya katika maeneo makavu ya kaskazini na mashariki mwa nchi yetu. Watu wakalia. Kisha ikaja mvua ya El Niño mwishoni mwa 2023, na masika ya 2024 yakaleta mafuriko. Watu wakalia tena! Maji yaliteremka kwenye mapaa ya madarasa yale yale yaliyokuwa na kiu, yakachimba makorongo uwanjani, yakaingia Mto Athi, yakaenda zake Bahari ya Hindi. Miezi michache baadaye mitungi ilikuwa mikononi tena.

Hoja yangu katika somo hili ni moja tu. Tangi la shule haliwi rahisi kwa kupunguza simiti. Linakuwa rahisi kwa hesabu sahihi kabla ya kujenga, na kwa utunzaji baada ya kujenga. Nifuateni polepole.

1. WALIOTUTANGULIA

Asiwadanganye mtu kwamba kukinga mvua kumeletwa juzi na wafadhili. Katika visiwa vya Lamu, pale Faza na Kizingitini, ambako maji ya visima huwa na chumvi, watu walijenga majabia tangu zamani. Jabia ni tangi la kuwekea maji ya mvua, pamoja na sakafu pana ya kuyakusanyia. Ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mgeni huonyeshwa hadi leo birika la kukingia mvua.

Huku bara, katika miaka ya 1960 na 1970, akina mama wa uliokuwa Mkoa wa Kati waliunda vikundi vya kuchanga pesa ili kila mmoja apate paa la mabati kwa zamu. Vikundi hivyo vikajulikana kama vikundi vya mabati. Wale mama hawakutaka kung'arisha nyumba tu. Walijua kwamba nyasi hunywa maji na kuyatia rangi, ilhali bati huyateremsha mengi zaidi, tena safi zaidi.

Lakini pia tuna funzo chungu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, lilienea nchini tangi la bei ya chini lililoitwa ghala. Fundi alisuka kapu kubwa la fito mfano wa ghala la nafaka, kisha akalipaka simiti. Hapakuhitajika chuma, na kila kijiji kilikuwa na msusi. Jamani, nani angekataa? Kumbe unyevu na mchwa walikuwa wakingojea. Fito zilioza ndani ya simiti, likabaki ganda tupu lisiloweza kuhimili uzito wa maji. Baada ya matangi mengi kupasuka, wataalamu waliacha kulipendekeza. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ni ghali.

2. PAA LAKO LINATOA MAJI KIASI GANI?

Kanuni ni nyepesi kuliko mnavyofikiri. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba, inatoa lita moja ya maji. Basi!

Chukua jengo la madarasa matatu. Usipande juu ya paa, utavunjika mguu bure. Pima ardhi iliyofunikwa na paa: tuseme urefu mita 25, upana mita 8. Hizo ni mita za mraba 200.

Sasa mvua. Sehemu nyingi za Ukambani hupata kati ya milimita 500 na 1,000 kwa mwaka. Mimi nitachukua 600 ili tusijidanganye. Tena si maji yote yanayofika tangini: mengine hurukia nje, mengine hukaushwa na bati la moto. Tunaondoa fungu moja kati ya matano, yaani tunazidisha kwa 0.8.

200 × 600 × 0.8 = lita 96,000 kwa mwaka.

Hiyo ni mitungi 4,800 ya lita ishirini, kutoka paa moja. Hata mwaka wa njaa, mvua ikiwa milimita 300 tu, paa hilo hilo litatoa lita 48,000. Ndiyo maana nikaliita shamba: halihitaji jembe wala mbegu, linahitaji mvunaji tu.

3. SHULE INAHITAJI KIASI GANI?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu shule, lilipendekeza lita 5 kwa kila mtu kwa siku katika shule ya kutwa, na lita 20 katika shule ya bweni.

Tuchukue shule ya kutwa yenye watu 300, walimu wakiwemo, na siku za masomo 195 kwa mwaka.

300 × 5 = lita 1,500 kwa siku.
1,500 × 195 = lita 292,500 kwa mwaka.

Shule kama hiyo aghalabu ina majengo matatu mfano wa lile tulilolipima. Mapaa matatu yatatoa lita 288,000. Karibu tufike! Hapo ndipo watu wengi husimama, wakapiga makofi na kuita fundi. Ngojeni kwanza.

Mvua hainyeshi kila siku. Ukambani ina misimu miwili: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kati yake kuna kiangazi kirefu cha Juni hadi katikati ya Oktoba. Ukiondoa likizo, hizo ni siku 80 hivi za masomo. Kuzivuka kwa lita 1,500 kila siku kunahitaji tangi la lita 120,000. Ni shule ngapi zina pesa za dude kama hilo?

Basi tunagawa. Maji ya kunywa, lita 2 kwa kila mtu, tunayaweka mbele ya yote.

300 × 2 × 80 = lita 48,000.

Sasa tunapumua. Tangi moja la lita 50,000 linatosha kuwanywesha watu 300 kiangazi kizima. Maji ya kunawa na kusafisha yatoke kwenye matangi madogo wakati wa mvua. Wakati wa kiangazi yatoke kisimani au mtoni, hata kama yana chumvi. Hakuna sababu ya kupigia deki maji matamu.

Lakini je, tangi hilo litajaa? Masika yakileta milimita 250, paa moja litatoa lita 40,000. Halitoshi. Mapaa mawili yatatoa 80,000. Tukinywa 30,000 msimu ukiendelea, tunaingia Juni na lita 50,000 tangini. Kwa hiyo tangi hili linataka mapaa mawili, si moja. Kujenga tangi kubwa kuliko paa lake ni sawa na kununua gunia kwa ajili ya kibaba cha mahindi.

Na sisi wa bweni? Watu 300 kwa lita 20 ni lita 6,000 kwa siku. Maji ya mwaka mzima ya paa letu, zile lita 96,000, yangekwisha kwa siku 16. Shule ya bweni isitegemee mvua kwa kila kitu. Maji ya mvua yawe ya kunywa na ya jikoni, mengine yatafutiwe kisima.

4. GATA KWANZA, TANGI BAADAYE

Katika shule moja nisiyoitaja jina, nimeliona tangi zuri la lita 10,000 likiwa limesimama kama mfalme. Gata yake ina urefu wa mita nne, na iko upande mmoja tu wa paa la mita 25! Hebu tupige hesabu. Upande mmoja wa paa una upana wa mita 4. Kwa hiyo gata inakinga 4 × 4, mita za mraba 16 kati ya 200. Kwa mvua ya milimita 600, hizo ni lita 7,680 kwa mwaka. Yaani mvua ya mwaka mzima haiwezi kulijaza tangi hilo hata mara moja. Pesa nyingi ziliingia kwenye tangi, na pesa kidogo za gata zikakosekana. Tangi hilo limenifunza mengi kuliko matangi yanayofanya kazi.

Gata nafuu inaweza kutengenezwa papa hapa shuleni. Nunua bati lisilo na migongo, la mita 1 kwa 2, ulikate vipande vitatu kwa urefu. Kila kipande kikunje katikati kiwe na umbo la herufi V. Kwa mita 25, mabati matano kama hayo yanatosha upande mmoja, pamoja na sehemu za kupandiana.

Kanuni ya ukubwa ni hii: kila mita ya mraba ya paa inataka sentimita ya mraba moja ya uwazi wa gata. Upande mmoja wa paa letu una mita za mraba 100. V yenye pande za sentimita 16 kila mmoja, iliyofunguka kwa pembe mraba, ina sentimita za mraba 128. Inatosha na kubaki.

Mteremko uwe sentimita moja kwa kila mita. Hapo fundi atakuambia: "Kwa mita 25, mwisho wa gata utashuka sentimita 25 chini ya paa, maji yataruka nje." Ni kweli. Dawa yake ilibuniwa hapa hapa Kenya. Ukanda wa bati uliokunjwa hupigiliwa misumari kwenye ukingo wa paa, ukaning'inia kama pazia. Maji ya mvua kali yakija kwa kasi, hugonga pazia hilo na kuangukia gatani. Waya za kubebea gata hufungwa kwenye ukanda huo huo, kwa hiyo hata mbao za pembeni zisiponyooka, gata itanyooka.

5. TANGI LENYEWE

Kwa lita 50,000, tangi la duara la simiti na waya ndilo linalofaa mfuko wa shule nyingi. Ukuta wake ni mwembamba, sentimita 4 au 5 tu, lakini ndani yake kuna wavu wa chuma na waya wa kuku. Ufundi huu ni wa siku nyingi: Mfaransa Joseph-Louis Lambot alitengeneza mashua ya simiti na waya mwaka 1848, na ikaelea.

Kwa nini duara? Maji husukuma ukuta sawasawa kila upande. Duara hugawana nguvu hiyo lote. Tangi la pembe nne hupasukia penye pembe.

Ujazo wake tunaujua kutoka darasa la hesabu. Nusukipenyo mita 3, kina cha maji mita 1.8:

3.14 × 3 × 3 × 1.8 = mita za ujazo 50.9 hivi, yaani lita 50,900 hivi.

Mambo manne yasivunjwe. Kwanza, tangi lisimame juu ya ardhi ngumu iliyoshindiliwa, si juu ya udongo wa kujaza. Pili, mchanganyiko uwe simiti moja kwa mchanga mitatu, mchanga wa mto uliooshwa, na maji kidogo. Simiti iliyotiwa maji mengi hulainika upesi kupaka lakini hupasuka baadaye. Tatu, ukuta ufunikwe na umwagiliwe maji kila siku kwa wiki mbili angalau. Simiti haikauki kama nguo, inakomaa, na ikikosa maji haikomai. Nne, tangi lifunikwe kabisa.

Gharama inashukaje? Wazazi huleta mchanga, kokoto, maji na nguvu zao. Wakamba wana neno lao, mwethya, kikundi cha kufanya kazi pamoja kwa zamu. Shule inabaki kununua simiti, waya, mabomba na koki, na kumlipa fundi stadi. Msikubali kumwondoa fundi ili kuokoa pesa! Matangi ya plastiki nayo yana sifa zake: huja tayari na huhamishika. Kwa maji ya kunawa, moja dogo linafaa sana. Lakini kufikia lita 50,000 ungehitaji matano ya lita 10,000.

6. MAJI YAWE YA KUNYWEKA

Maji ya mvua hayana chumvi. Huko Nakuru na Naivasha, ambako maji ya visima yana floridi nyingi inayotia meno rangi ya kahawia, mvua ni dawa ya meno ya watoto. Ila yakishagusa paa hukutana na vumbi na kinyesi cha ndege.

Kwa hiyo mvua ya kwanza hatuinywi. Tunaimwaga angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 100 kwa paa letu. Bomba lipitie kwanza kwenye pipa la lita 200. Likijaa maji machafu, yale masafi yanaendelea tangini. Baada ya mvua pipa hufunguliwa chini likatoka lote. Pipa lililowahi kubeba dawa za shambani lisitumike kamwe.

Weka wavu penye kila tundu, mbu wasizalie ndani. Mwanga usiingie, la sivyo maji yatakuwa ya kijani. Koki iwe sentimita 10 au zaidi juu ya sakafu ya tangi, matope yakae chini. Hata hivyo, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini. Kuni zikikosekana, chupa safi ya plastiki inayoona ndani ijazwe na kulazwa juani kwa saa 6, au siku mbili kukiwa na mawingu mengi.

7. NANI ASHIKE UFUNGUO?

Tangi lisilo na mwenyewe hufa. Hapa ndipo sisi wanafunzi tunapoingia. Kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, kikundi kimoja kisafishe gata na kukata matawi yaliyolalia paa. Koki ya maji ya kunywa iwe na kufuli.

Na kila Ijumaa mmoja wetu apime kina cha maji kwa ufito wenye alama. Katika tangi letu, sentimita 10 ni lita 2,800 hivi. Watu 300 wakinywa lita 2 kwa siku tano, wametumia lita 3,000. Kwa hiyo kila wiki ya kiangazi maji yashuke sentimita 11 hivi. Yakishuka 20, ama kuna mtu anaoshea viatu maji ya kunywa, ama kuna ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufito huo haugharimu hata senti, na ndio mlinzi wa kazi yote.

MSAMIATI

Kukinga maji: kuweka chombo au gata ili kuyapokea maji yanayoanguka.
Jabia: tangi la maji ya mvua, neno la pwani.
Gata: mfereji wa bati ukingoni mwa paa. Kiswahili cha zamani kina pia mlizamu, yaani mdomo ambapo maji hutokea.
Kushindilia: kuponda udongo mpaka ushikane.
Nusukipenyo: umbali kutoka katikati ya duara hadi ukingoni.

MAZOEZI

(a) Paa la maktaba lina urefu wa mita 15 na upana wa mita 6. Mvua ya mwaka ni milimita 700. Litatoa lita ngapi?
(b) Shule ina watu 180 na kiangazi cha siku 70 za masomo. Tangi la maji ya kunywa liwe la lita ngapi?
(c) Tembea uzunguke shule yako. Andika urefu wa kila paa na urefu wa gata yake. Tofauti ya namba hizo mbili ni maji mnayoyatupa.

Majibu ya (a) ni lita 50,400 na ya (b) ni lita 25,200. Jibu la (c) mnalo wenyewe. Mkishalipata msilifungie daftarini. Lipelekeni kwa mwalimu mkuu na kwenye mkutano wa wazazi, likiwa limeandikwa kwa Kiswahili safi ambacho kila mzazi atakielewa, na mlipeleke mapema, kabla mawingu ya Oktoba hayajatanda.